Maharage ya Alhamisi

Neema alinikuta uani kwao, Area D, siku ya arobaini ya mama yake, nimekaa mkekani na wanawake wengine na sinia la mchele magotini. Alichuchumaa mbele yangu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu sasa, mwenye watoto wa sekondari, akaniamkia kama alivyoniamkia alipokuwa na miaka minane. "Shikamoo dada Mbeleje." Nikaitikia. Akasogea karibu zaidi, akapunguza sauti. "Dada, mama amekuja." Nikamuuliza amekuja wapi. "Kwa mama mmoja hapo Nkuhungu, anapokea wafu. Jumanne iliyopita. Ameniambia nikutafute wewe kwa jina. Anasema anaomba umsamehe, ndipo apumzike."

Nilitaka kupasuka. Zaidi ya miaka thelathini mimi na Mama Neema tumekaa mji huu mmoja, na kutoka mlangoni kwake hadi kwangu ni bajaji moja tu, huteremki kubadilisha. Tumekutana sokoni mara nyingi mbele ya mafungu ya nyanya, na mara zote aliniuliza habari za kazi, akasifu kitenge changu, akaenda zake. Kinywa alikuwa nacho, kizima, na hakuna mtu Dodoma nzima aliyekuwa na kinywa kilichozoea kusema kama kile. Hakukitumia. Amengoja mpaka amefukiwa, ndipo ameazima kinywa cha mwanamke wa Nkuhungu aniombe radhi. Na mimi eti nipokee salamu, niseme amina, nile pilau. Nilimwambia Neema, "Ngoja kwanza nimalize sinia hili," nikainamisha kichwa ili asiuone uso wangu. Vidole vyangu viliendelea kuchambua vyenyewe, na vidole hivyo vilijifunza kazi ile katika ua ule ule, mwaka niliokuwa na miaka kumi na nane.

Mwaka ule mama yangu alifariki mwezi wa tatu, uwele ukiwa umeanza kutoa masuke. Tulikuwa tunaishi Chamwino, mimi na baba peke yetu sasa ndani ya nyumba ya tembe, na mimi nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Baba hakulia msibani. Alianza kulia baadaye, watu walipokwisha kuondoka, na alilia wakati wa kula. Nilikuwa nasonga ugali, nakoroga mlenda kama mama alivyoukoroga, naweka mbele yake, naye anamega tonge la kwanza, analichovya, halafu analirudisha kwenye sahani na kutazama ukuta. Basi shangazi, dada yake, ambaye alikuwa mfagizi katika ofisi moja ya serikali mjini, akaja na habari kwamba mke wa afisa mmoja pale kwao ana kipaji. Wafu wanasema kupitia kwake. Hachukui hata senti, na si mganga, ni mama wa kanisani, anavaa miwani. Hilo la kutochukua pesa ndilo lililomlainisha baba. Kwa akili zetu, tapeli ni mtu anayetaka pesa. Ilinichukua miezi mitatu kujua kwamba yako mengine ya kuchukua.

Walikwenda Alhamisi moja ya mwezi wa nne, baba na shangazi. Baba alirudi amekula. Aliniambia mama amekuja, ameeleza maumivu yalivyokuwa, amesema hayapo tena, na amesema jambo moja kuhusu mimi: nisikae peke yangu kijijini kama yatima, nikae na huyu dada aliyempa kinywa, anilee. Baba alikuwa ameng'aa. Nilimtazama, nikaona kwamba mtu huyu akiambiwa hapana ataacha kula tena, nikafunga nguo zangu kwenye khanga ya mama. Wiki ile ile nilikuwa Area D nafua mashuka ya Mama Neema.

Niieleze ile nyumba, maana nikiilaumu bila kuieleza nitakuwa nimedanganya. Ilikuwa nyumba nzuri. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio ya kaseti, kabati la vyombo ambavyo hatukuwahi kulia. Mume alikuwa mtu wa safari, hasemi sana. Mama Neema hakunipiga wala kunitukana, na chakula tulikula meza moja. Wali, nyama ya kukaanga, zabibu za kule Hombolo wageni walizoleta kwenye vikapu. Jioni aliniuliza siku yangu ilikuwaje, na mtoto aliyefiwa na mama akiulizwa siku yake ilikuwaje anafunguka kama bomba. Nilimweleza kila kitu. Nilimweleza juu ya kuku mweupe aliyekuwa akilala ndani karibu na kichwa cha mama, na juu ya chungu kilichopasuka ambacho mama alikataa kukitupa kwa sababu alikuja nacho siku ya kuolewa. Wiki mbili baadaye baba alikuja, na mama akamwuliza kutoka kwenye kinywa cha Mama Neema kama kuku mweupe bado analala ndani. Baba alilia mpaka shangazi akamshika mabega. Na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na trei ya vikombe nililia pia. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Sikuunganisha.

Kila Alhamisi ilikuwa hivi. Wageni, yaani wafiwa, walianza kufika saa saba mchana, ingawa kupokea kulianza saa tisa. Mama Neema alijifungia chumbani "kujiandaa," kwa hiyo hakuwasalimia. Mimi niliwakaribisha uani, nyuma ya jiko, chini ya dirisha la chumba kile, ambako palikuwa na mkeka na sinia kubwa la maharage. Alisisitiza niwe nachambua maharage. Sasa, mtu wa kwetu hawezi kukaa mikono mitupu akimtazama mwenzake anachambua. Hata awe mke wa nani, hata awe amevaa nguo ya kanisani, atasema "lete nikusaidie," atakunja khanga, atashika upande wake wa sinia. Na mikono ikishughulika, mdomo haukai kimya. Hakuna aliyeniuliza kuhusu wafu wangu bila kunieleza wake. Mama mmoja wa Mvumi alinisimulia mwanawe aliyezama kwenye bwawa akiwa amevaa viatu vipya vya kaka yake. Mzee mmoja, karani mstaafu, mwanamume mzima, alichambua maharage na mimi huku akinieleza kwamba mkewe alifariki wakiwa wamenuniana kwa sababu ya redio. Jioni Mama Neema alinipakulia nyama, akauliza, "Yule baba wa leo, maskini, alikuwa anasemaje?" Nami nikasimulia. Akiwa chumbani alisikia nusu kupitia dirisha, na nusu iliyobaki nilimletea mezani kwa hiari yangu, huku natafuna.

Watu huniuliza kama siamini kwamba wafu wapo. Naamini, tena sana. Bibi yangu alimwaga pombe ya mtama kaburini kabla ya mvua, akawaeleza waliolala humo kila kitu, nani kaoa, nani kaiba mbuzi, shamba lipi limekauka. Aliwasemesha kama watu walio chumba cha pili. Lakini hakukaa kungoja jibu. Kwetu wafu wanaambiwa. Kujibu si kazi yao, na aliye hai hana haki ya kuwawekea maneno. Ninapokasirika hukasirika hapo hasa. Mtu akiiba kuku wako unaweza kwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Akiiba sauti ya mama yako, utamshtaki wapi?

Matokeo yalitoka. Nilichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni ya wasichana huko Tabora, masomo ya sayansi. Nilikuwa nataka kuwa daktari, na sikutaka kitu kingine tangu darasa la sita. Siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa Ijumaa moja mwezi wa saba. Barua ilisema wazi kwamba atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Niliipeleka barua kwa Mama Neema nikiruka. Aliisoma yote, akavua miwani, akasema, "Hongera sana mwanangu. Tusikie mama yako atasemaje." Alhamisi iliyofuata mama yangu, ambaye aliwahi kuuza debe la karanga za mbegu ili nipate sare, alisema mbele ya baba kwamba Tabora ni mbali, kwamba anaona giza njiani, nisiende.

Wiki hiyo hiyo niliona jiwe. Lilikuwa jiwe dogo la rangi ya bluu-bluu, kubwa kidogo kuliko punje ya harage, lenye mstari mweupe katikati. Nilikuwa nimelitoa kwenye sinia wiki iliyopita, nikalitazama kwa sababu lilikuwa zuri, nikalitupa kwenye kibakuli cha takataka. Alhamisi hii lilikuwa limerudi. Nililishika nikasimamisha mikono, mama mmoja aliyekuwa akinisaidia akaniuliza kama nimejikata. Nikaanza kufikiri, na nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kupata baridi. Tulikuwa hatujawahi kupika maharage Alhamisi. Wala Ijumaa. Miezi mitatu nilichambua maharage na katika meza ile sikuwahi kula maharage. Yalikuwa yale yale. Kila wiki aliyachukua yaliyo safi, akarudishia mawe na makapi, akaniwekea tena, ili mikono ya wafiwa ipate kazi na midomo yao ifunguke chini ya dirisha lake. Nililifunga lile jiwe kwenye pindo la khanga. Jioni aliponiuliza yule mama alisemaje, nikamwambia, "Hakusema kitu." Akaendelea kula.

Kuanzia hapo nilimnyima. Sikumpa chochote cha wageni, wala chochote cha kwetu. Na baba alipokuja tena, Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba, Mama Neema hakuwa na kipya. Niliingia sebuleni bila kuitwa, nikasimama nyuma ya kochi la baba. Pazia lilikuwa limefungwa, kaseti ya kwaya inapiga polepole. Mama Neema akainamisha kichwa, akapumua kwa kukwaruza kama alivyopumua mama siku za mwisho, maana hilo nililimweleza pia, Mungu anisamehe. Kisha sauti ikanigeukia mimi. "Mbeleje," ikasema. "Mbeleje, mwanangu. Njoo karibu na mama."

Mbeleje ni jina la bibi mzaa baba. Kwetu mke halitamki jina la mama mkwe wake. Angetamka jina la shetani kwanza. Tangu nizaliwe mpaka anafariki, mama yangu aliniita Bibi. Bibi njoo, Bibi kalete kuni, Bibi umekula. Kitu hiki sikumsimulia Mama Neema, kwa sababu ilikuwa kawaida mno, ni kama kusimulia kwamba tulikuwa na mlango. Baba alishtuka. Niliona mabega yake yakikakamaa, nikasema kwa sauti, "Mama hajawahi kulitamka jina hilo. Baba, unajua. Huyu si mama." Chumba kizima kiligeuka. Kaseti ikaendelea. Baba alifumba macho, na kwa muda kama wa kuhesabu mpaka tano nilikuwa nimeshinda. Halafu shangazi, bila hata kuinua sauti, akasema, "Mtoto wewe. Huko aliko kuna mkwe tena? Mwiko umeishia kaburini. Sasa ndiyo yuko huru kukuita." Watu wakashusha pumzi. Mmoja akasema amina. Na baba akafumbua macho akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea.

Jumamosi nilikwenda Chamwino na lile jiwe. Nilimkuta baba uani anapura uwele, peke yake, vumbi limemjaa kope. Nilimpa shikamoo, nikafungua pindo la khanga, nikamweleza yote mwanzo hadi mwisho: dirisha, sinia, kuku mweupe, chungu, kwamba mimi ndiye niliyesema, kila neno alilolilia lilitoka kinywani mwangu mimi hapa. Alisimamisha fimbo. "Mama," akasema, maana yeye aliniita hivyo, kwa heshima ya mama yake. "Usiniambie." Nikasema lazima nikwambie, shule inafunga orodha Ijumaa. Akakaa chini kwenye makapi. Akasema, "Wewe shule utapata. Usipopata hiyo utapata nyingine, una akili. Mimi mama yako nitampata wapi?"

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile, na nimeyakasirikia kila mwaka kwa namna mpya. Kwanza nilimkasirikia kwa kuwa mjinga. Baadaye nikagundua hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa anajua, na alikuwa amekubali kulipa kwa kitu kilichokuwa changu. Marehemu baba yangu, nimemsamehe mara nyingi, na mara nyingi nimegundua asubuhi yake kwamba sikumsamehe.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa. Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimeonewa tu, na ningeweza kuisimulia kila mahali. Lakini mama mdogo, mdogo wake mama aliyekuwa ameolewa Kongwa, alipata habari. Hakutaka kujua wafu wanasemaje. Jumatano alishuka Area D na sanduku la bati jipya, godoro amelifunga kwa kamba, nauli ya treni mkononi. Alinivuta mpaka getini. "Treni ni kesho mchana," akasema. "Ijumaa asubuhi tuko Tabora, tunagonga geti la shule. Baba yako niachie mimi. Nalala kwa rafiki yangu hapo Majengo, kesho saa tano uwe stesheni. Umenisikia? Usirudi kukaa na watu hawa hata Alhamisi moja." Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa namaanisha.

Jioni ile Mama Neema alinipakulia chakula kama kawaida. Alikuwa ameliona sanduku getini. Aliuliza tu, kwa upole, bila kunitazama, "Mama yako alikuwa anapenda kupika nini?" Na mimi niliyekuwa najua kila kitu, mwenye jiwe kwenye pindo la khanga, nilifungua mdomo. Nilimweleza mlenda. Nilimweleza jinsi mama alivyofunga khanga, fundo upande wa kushoto kwa sababu ya kidonda cha zamani. Nilimweleza alivyocheka, akiziba mdomo kwa mgongo wa mkono, nikamwonyesha. Nilimweleza wimbo aliokuwa akiuimba akisaga unga. Hakunilazimisha. Nilikuwa nampa kwa makusudi, kama unavyompa fundi kitambaa, ili anishonee mama vizuri zaidi. Maana ile sauti ilikuwa imeniita Mbeleje. Miaka kumi na nane nilikuwa nimeitwa Bibi na mtu niliyempenda kuliko wote duniani, na sikujua kwamba nilikuwa na njaa ya kuitwa jina langu mpaka lilipotamkwa na mwongo.

Alhamisi saa tano sikuwa stesheni. Nilikaa uani kwenye mkeka, nikachambua maharage yale yale, na saa tisa nikaingia sebuleni bila trei, nikakaa kwenye kochi pamoja na wafiwa. Mama alikuja. Aliziba mdomo kwa mgongo wa mkono, akacheka, akaniita jina langu mara tatu. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka. Mama mdogo alinisubiri mpaka behewa la mwisho lilipopita, akarudi Kongwa na sanduku lake, na nafasi yangu Tabora ilikaliwa na msichana mwingine ambaye huenda leo anatibu watu. Mimi niliondoka nyumba ile mwezi wa kumi na mbili, nikaenda chuo cha ualimu mwaka uliofuata, nikafundisha darasa la tatu miaka yote mpaka karibuni. Si kazi ya kuidharau. Lakini sikuichagua.

Sinia la mchele lilikuwa limekwisha. Neema alikuwa bado amechuchumaa pale pale, anangoja jibu la kumpelekea mama yake, macho yamemvimba. Nilikuwa nimeliandaa jibu, tena kali: mwambie kama Nkuhungu anapafika, na kwangu anapajua, aje mwenyewe. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Badala yake nikamwuliza, "Huyo mama anayepokea. Mlipokuwa mnangoja, aliwapa kazi gani?"

Akakunja uso. "Kazi?"

"Mikono yenu ilikuwa inafanya nini?"

"Karanga," akasema. "Kuna binti pale alikuwa anamenya karanga, tukamsaidia." Hakuwa na miaka minane tena, na sinia lile la maharage lilikuwa la nyumbani kwao. Niliona jambo likimfikia, nikaona anavyolisukuma lirudi lilikotoka.

"Mama yako alikuitaje?" nikamwuliza.

"Neemu. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo."

Nilimshika mkono, nikamwambia kwa hasira ambayo haikumhusu yeye, "Usirudi kule. Hata Jumanne moja. Umenisikia?"

Neema aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anamaanisha.